Barua kwa Furaha, kuhusu bukari

Furaha mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba yako asikie. Sukari yako ya damu ya asubuhi imefika 196 mg/dl, mizani inasema kilo 94, na mwenzako wa kazini ameacha bukari, mchele na mkate, akapungua kilo 11. Unauliza: na wewe uache bukari kabisa? (Umeshaanza kusema bukari kama watu wa Lubumbashi. Hapa Bukavu ugali wetu wa muhogo bado ni bugali.)

Nitakujibu. Ila kwanza, unakumbuka ile Jumapili ya 2013, baba yako alipoanguka kwenye ngazi tukitoka misa? Uliambiwa amekunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Mimi ndiye niliyekuambia. Hakuwa amekunywa.

Miezi ile unaijua. Walimpima wakakuta 284, wakampa vidonge vya kushusha sukari, metformini na glibenklamidi, wakamwambia apunguze wanga. Apunguze, Furaha. Mimi nikasikia aache. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, amepungua mpaka gauni lake la harusi linamwenea tena, akaniambia unga wa muhogo ni sukari iliyobadilisha nguo. Na hakusema uongo: unga ule karibu wote ni wanga, na wanga ukishafika tumboni hugeuka sukari, uwe ulikuwa mtamu mdomoni au la.

Basi nikapandisha mfuko wa unga juu ya kabati. Bitoke, zile ndizi za kupika, marufuku. Mateke, yale magimbi, marufuku. Nikampikia sambaza, samaki wadogo wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo, lengalenga ya mchicha, mayai, nusu ya avoka. Na tuseme ukweli, ilifaa. Wiki ya tatu kidude cha kupimia sukari kilisoma 118 na mkanda ulikuwa umeingia matundu mawili. Nilitembea soko la Kadutu kama mtu aliyevumbua dawa. Baba yako yeye alikuwa anakaa mbele ya sahani, anainua sambaza moja kwa mkia, anaiangalia: “Mama Furaha, sasa hii niishike na nini?” Vidole vyake vilikuwa vinatafuta tonge. Nilicheka. Ningejua, nisingecheka.

Jumapili ile alimeza vidonge vyake vyote, akala yai na lengalenga, tukapanda. Mlima wetu unaujua. Wakati wa kurudi jasho likamtoka, shati zima, na hewa ilikuwa ya baridi. Akaniita kwa jina la dada yake. Akaketi kwenye ngazi anacheka peke yake. Nami, watu wa misa wakipita, nikamgombeza: Siku ya Bwana! Kasiksi asubuhi! Mtu mwenye wajukuu! Nilisema na mengine ambayo siandiki.

Kijana wa jirani, yule aliyekuwa anasomea uuguzi, alikuja na kidude akamchoma kidole: 48. Chini ya 70 tayari ni hatari. Kwa kuwa bado alikuwa anameza vizuri, tukamnywesha Fanta. Asiyejitambua hanyweshwi kitu, hilo ulijue. Baada ya kama robo saa akajiangalia akauliza, “Nani amenimwagia Fanta kwenye shati la misa?”

Kwenye kituo cha afya wakatueleza. Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini, ile inayoshusha sukari, umekula au hujakula. Ukiondoa bugali na dozi ikabaki ileile, sukari inashuka mpaka inakuangusha. Insulini ya sindano nayo ni hivyohivyo; metformini peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Nimewaimbia tangu hapo mpaka mmenichoka: chakula na dawa vinaingia mlango mmoja. Halafu muuguzi akauliza, ni nani aliyeamua kuacha wanga bila kuuliza mtu?

Nikasema: ni yeye mwenyewe.

Baba yako akaniangalia. Akanyamaza. Mpaka leo hajawahi kunikumbusha siku ile, hata tukigombana kwa ajili ya pesa.

Sasa, chakula kile kilikuwa kibaya? Hapana. 284 mpaka 118, hilo si jambo la kuchezea. Kilichoharibu ni haraka yangu. Lakini ningekwenda polepole, si angekaa na ile 284 miezi mingine? Lakini tena, kumwuliza muuguzi kungechukua siku ngapi? Moja. Ningekosa tu sifa za kwaya.

Walimpunguzia dozi kwanza, ndipo wanga ukapungua taratibu, na kidole kikichomwa kila asubuhi. Leo anakula bugali mchana tu, wa kujaa kile kikombe cha bluu kilichovunjika mkono. Kila siku tunagombana, maana anaushindilia kwa mgongo wa kijiko. Jioni ni lengalenga na sambaza, na maharagi kidogo.

Na wewe? Ulimi unaniwasha. Ule mchele wa saa nne za usiku niliuona kwa macho yangu nilipokuja kwako, na soda pembeni. Soda hiyo nakuambia bila kungoja dokta: iache. Ubaki nayo moja kabatini ya siku ya kutetemeka. Kuhusu bukari nangoja, ingawa nina neno mdomoni, kwa sababu hukuandika unameza nini. Hukuandika hata kama unameza. Chukua kisanduku uniandikie jina lote, herufi kwa herufi, na miligramu ngapi, na umwonyeshe dokta wako kabla hujagusa sufuria. Chakula na dawa vinaingia mlango mmoja.

Baba yako amesikiliza nikiisoma barua hii kabla ya kuifunga. Anasema habari ya kasiksi alikuwa anangoja miaka yote hii aone nitaisahihisha lini. Na anaomba kikombe kikubwa zaidi.

Mama yako