Fremu ya TL125, injini ya boda: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, hujambo. Nimenunua pikipiki kuukuu iliyokuwa imelala ghalani katika shamba moja la zamani nje ya Kitale. Shingoni mwa fremu, pale usukani unapoingia, nimesoma "TL125" na tarakimu nyingine zilizozibwa na rangi. Injini imegongwa 156FMI. Rimu ya mbele ni ya inchi 18 kama ya boda, ya nyuma pia ni 18 lakini tairi lake ni nene. Jirani anasema ni Honda XL iliyokatwakatwa, fundi wa hapa anasema ni ya mashindano ya mawe. Ni nini hasa? Na je, nitafute injini ya asili kwanza au nianze na rangi?

JIBU: Sijambo, ndugu. Fundi wa hapo kwenu yuko karibu na ukweli kuliko jirani. Rangi na injini ziweke kando kwa sasa, nitazifikia.

TL125 ni pikipiki ya trayali, ule mchezo wa kupanda mawe na kuvuka mito polepole ambapo kukanyaga chini kunakupa alama za adhabu. Honda ilianza kuiuza mwaka 1973, wakati mchezo huo ulikuwa umetawaliwa na Bultaco, Montesa na Ossa za Hispania. Hizo zote zilikuwa za two-stroke, zile zinazochanganya oili na petroli. Honda ikaja na four-stroke ndogo yenye kemshafti (fito inayofungua valvu) juu ya kichwa, ndugu ya injini ya XL125, pikipiki ya Honda ya barabarani na porini. Baadaye kampuni hiyo ilimchukua Sammy Miller, bingwa aliyeshinda Scottish Six Days Trial, mashindano ya trayali ya siku sita huko Scotland, mwaka 1965 akiendesha Bultaco, aiendeleze pikipiki ya trayali ya Honda. Kwa hiyo jirani yako hakuota. XL na TL ni ukoo mmoja, ila zimezaliwa kwa kazi tofauti.

Injini uliyonayo haimo katika ukoo huo. 156FMI ni msimbo wa Kichina: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na I ya mwisho huonyesha ukubwa wa cc 125. Ukiona 162FMJ, hiyo ni ndugu yake ya cc 150. Nyingi za aina hii zilinakiliwa kutoka Honda CG125, injini ya fito za kusukuma valvu, kemshafti ikiwa chini. Ndiyo inayobeba abiria na magunia ya mahindi kutoka Kitale hadi Busia. Ya asili ungeitambua bila kufungua kitu: namba yake huanza na TL125E, na ubavuni mwa kichwa cha silinda, upande wa kushoto, kuna kifuniko cha mviringo kinachoficha pointi za kuwashia. Ukikutana na XL125E, hiyo ni ya binamu.

Sasa fremu, na hapa nataka uende polepole. Namba iliyogongwa shingoni inathibitisha shingo tu. Nimeona fremu ambazo shingo ni ya pikipiki moja na mabomba ya nyuma ni ya nyingine, zimeunganishwa kwa weldingi na kufunikwa rangi nene. Toa rangi kwa dawa ya kuondolea rangi na brashi ya waya ya mkono, kuanzia shingoni kurudi nyuma chini ya tangi. Usiguse eneo la namba kwa grinda wala msasa wa mashine. Namba iliyofifia kwa kusagwa itakuletea maswali polisi ambayo huna majibu yake. Weka karatasi nyembamba juu yake, sugua penseli, tarakimu zitatokea.

Bomba likishakuwa wazi, tafuta mishono. Mshono wa kiwandani ni wa kiasi na unafanana kushoto na kulia. Wa kuongezwa huwa na mabonge, au unakaa katikati ya bomba ambapo kiwanda hakina sababu ya kuunga. Kisha angalia masikio ya kushikia injini. Kama yale ya asili yapo na injini ya boda imefungwa kwa vipande vya bati vilivyotobolewa, una bahati: siku ukipata ya asili itarudi mahali pake. Kama yamekatwa, usikate tamaa, ila ujue gharama imepanda.

Kitu kingine cha kuangalia ni vikanyagio vya miguu. Kwenye CG na nakala zake, lile bomba la vikanyagio hufungwa chini ya tumbo la injini. Kwenye pikipiki ya trayali vikanyagio hushikwa na fremu, vikiwa nyuma na juu zaidi, kwa sababu mwendeshaji husimama muda wote. Chunguza kama fremu yako bado ina alama za mahali vilipokuwa. Vikiwa chini ya injini, jiwe la kwanza la Maragoli litapiga kikanyagio, kikanyagio kitavuta boliti, na boliti itapasua tumbo la alumini. Virudishe kwenye fremu kabla hujafikiria kupanda chochote, na uweke ngao ya chuma cha milimita nne chini ya injini.

Nyoosha uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, uone kama magurudumu yako mstari mmoja. Ikiwa fremu imepinda shingoni, simama hapo. Kunyoosha shingo si kazi ya fundi wa mageti.

Tatizo kubwa la pikipiki yako, kwa maoni yangu, ni gurudumu la mbele. TL125 ilitoka na tairi la 2.75-21 mbele na 4.00-18 nyuma. Nyuma basi huenda uko sawa. Mbele, rimu ya 18 badala ya 21 inaishusha pua kwa takriban milimita 38, tairi likiwa na unene uleule. Kwa pikipiki yenye urefu wa karibu mita 1.3 kati ya ekseli mbili, pembe ya shingo (mwinamo wa shoki za mbele) inasimama zaidi kwa kama digrii moja na nusu hivi. Inaonekana kidogo. Lakini usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na gurudumu dogo linaingia katikati ya mawe mahali ambapo kubwa lingepita juu. Na kama shoki za mbele nazo ni za boda na ni fupi kuliko za asili, hasara inaongezeka. Ndiyo maana nasema gurudumu kwanza. Watu hutumia pesa kwenye tangi linalong'aa, halafu wanashangaa pikipiki inawaangusha kwenye mteremko mdogo.

Rimu ya 21 huipati kwenye duka la spea za boda. Tafuta kwenye mabaki ya Yamaha DT125 au Honda XL125, zile walizokuwa wakipanda maafisa wa mashambani. Pale Kibuye, Kisumu, na kwa wauza vyuma wa Nakuru, mabaki kama hayo hujitokeza mara moja moja. Ukikosa gurudumu zima, nunua rimu peke yake, hesabu matundu ya spoki yalingane na habu yako, kisha mpe fundi anayejua kufuma. Pima nguzo za shoki kwa vernia, kile kipimo cha milimita, kabla ya kununua sili, usimwambie muuzaji "za Honda" tu. Na kwenye trayali matairi hupunguzwa upepo sana, hadi karibu psi 5, hivyo weka kishikio cha tairi ndani ya rimu, la sivyo tairi litateleza na kung'oa chuchu ya tyubu.

Injini sasa. Kama 156FMI yako haitoi moshi wala kelele, iache. Wapenzi wa vitu vya asili watanisuta, lakini injini hiyo inavuta vizuri chini na spea zake ziko kila kituo cha boda. Unachohitaji ni kushusha gia. Tuseme una sproketi ya meno 15 mbele na 42 nyuma: uwiano ni 2.8. Weka 14 mbele na uchongeshe ya meno 54 nyuma, unapata karibu 3.9, na gia ya kwanza inakuwa ya kutembea kwa mguu. Hakikisha cheni imenyooka, kwa kuwa injini iliyofungwa kwa bati za kubuni mara nyingi hukaa pembeni kidogo.

Wakati huo endelea kutafuta ya asili bila haraka. Ukiipata TL au XL ya miaka hiyo, fungua kichwa kabla ya kulipa. Kemshafti inazunguka moja kwa moja ndani ya alumini, bila beringi, na iliyokimbia bila oili huwa imekula kichwa. Kichwa kilicholika kinagharimu kuliko injini nzima. Linganisha matundu ya kufungia na masikio ya fremu yako pia. Bati na boliti za zamani zitie ndoo moja, usitupe hata kipande.

Kabureta: Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jeti (kitundu cha kupitishia petroli) iliyokuwa sawa Kisumu, ambako ni chini zaidi, itamwaga petroli nyingi mno na kutoa plagi nyeusi kwenu. Punguza jeti kuu saizi moja, uangalie plagi tena.

Kuhusu karatasi, muombe aliyekuuzia logibuku au angalau barua ya mauziano, na namba ya fremu ikaguliwe polisi kabla hujatumia shilingi nyingine. Injini iliyobadilishwa nayo lazima iandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hata kama nia yako ni kuipandisha mawe ya shambani tu, maana siku utakapoivusha barabara kuu kwenda kununua petroli utakutana na askari.

Rangi ipake ukimaliza hayo yote. Nyekundu au fedha, chagua mwenyewe.