Nilivuka Atlantiki kwa meli, na bado naulizwa kwa nini sikupanda ndege

Tangu niweke picha za safari hiyo kwenye status, simu haijapoa. Wengi walitaka bei tu, wakishaipata wananyamaza. Lakini dada mmoja anayefanya kazi Muscat aliniandikia ujumbe wa maana: "Dada, wiki nzima mko majini, hamtii nanga popote, si mtu atachizika? Mimi pesa ninayo nimeiweka, niambie ukweli kabla sijaitupa." Nikamwambia nitajibu hapa, maana najua mko wengi mnaoitamani safari hii na mnaona haya kuuliza mbele za watu.

Kwanza tuelewane ni meli gani. Nilipanda Queen Mary 2, na hii si ile meli ya kuzunguka visiwa na kushusha watu ufukweni kila asubuhi. Iliundwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza kazi mwaka 2004, na kazi yake hasa ni kuikata Atlantiki. Urefu wake mita 345, mita 10 zimezama majini, abiria inaobeba wanakaribia 2,700. Ina uwezo wa kukimbia karibu kilomita 55 kwa saa, ila haikimbizwi kiasi hicho. Zamani ilivuka kwa usiku sita, siku hizi ni saba, mafuta yasiishe bure. Unapanda Southampton, Uingereza, unashuka Brooklyn, New York. Katikati hapo ni maji matupu.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu kuvuka bahari kuu ilikuwa habari ya wazamiaji. Baba yangu mdogo alijaribu miaka ya 80, akajichimbia kwenye meli iliyokuja kupakia mkonge, akagunduliwa na kuteremshwa Mombasa, njaa inamtoa machozi. Nilipompigia kumwambia nimekata tiketi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, yaani unawalipa wao ili ukae melini?" Akacheka mpaka akakohoa. Huyo alicheka kwa mapenzi.

Kwenye grupu la ukoo haikuwa hivyo. Binamu yangu mmoja aliandika kwamba pesa hiyo ingemwaga zege la msingi, nikakamilisha na ukuta. Wengine wakabandika vikatuni vya kucheka. Jamani, kiwanja ninacho. Ada za wadogo zangu nimelipa, mazishi nimechangia, matibabu nimechangia, na miaka yote hiyo sikumbuki kikatuni hata kimoja cha ahsante. Nalea wazee Coventry, Uingereza, zamu za usiku, nimewageuza watu vitandani huku mgongo wangu mwenyewe unalia. Pesa ya safari niliipata kwa mchezo wa kupokezana pesa tuliocheza wanawake wa kazini. Zamu yangu ya kupokea ilipofika, sikununua kochi. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: fedha ya ndoto yako itenge mbali na fedha ya ukoo, na usiitangaze mpaka tiketi iwe mkononi. Ukisubiri ukoo mzima uridhike utazeeka ukitazama meli za wenzio kwenye simu.

Sasa karatasi, na hapa nakaza sauti. Wakala wa safari niliyempigia alinihakikishia kwamba kwa kuwa napandia Uingereza na naishi Uingereza kihalali, viza ya Marekani siihitaji, nijaze tu ile fomu ya mtandaoni. Sikumwamini. Fomu ile ni ya wenye pasi za nchi zilizosamehewa viza, na Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo. Wanatazama pasi yako, hawatazami unapoishi. Niliomba viza ubalozini London, nikahojiwa, nikapewa. Ningemsikiliza yule bwana ningeachwa gatini na masanduku yangu na hela isirudi. Masharti ya Marekani kwa pasi za nchi zetu yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wewe mwenyewe kabla hujalipa hata senti. Na wewe unayeishi Ulaya kwa kibali, hakikisha kibali chako kitakuwa hai siku ya kurudi.

Bei mnayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja pale ambapo wawili wanalala chumba kimoja. Ukienda peke yako, mara nyingi utalipa karibu sawa na watu wawili. Meli ina vyumba vichache vya mtu mmoja, vilivyoongezwa ilipokarabatiwa mwaka 2016, navyo vinagombewa. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho cha bei nafuu, na hakina ubaya wowote. Bahari utaiona sitahani mpaka uikinai. Juu ya bei hiyo kuna ada ya huduma inayoandikwa kwenye bili yako kila siku, kuna intaneti, kuna vinywaji. Chai, kahawa na maji wakati wa chakula havilipiwi. Bima ya safari kata, tena ile inayolipia kukusafirisha ukiugua vibaya, kwa sababu daktari wa melini ana bei yake.

Haya, bahari. Waliovuka kwenda Pemba kupitia mkondo wa Nungwi wakati wa kusi watanielewa: nilidhani najua mrama. Meli hii ina mapezi ya chuma yanayotoka ubavuni chini ya maji kuzuia isilale huku na huku, na kweli yanasaidia. Lakini omo, yaani pua ya meli, ikianza kupanda na kushuka, mapezi hayana la kufanya. Usiku wa pili upepo ulipanda, asubuhi milango ya kutokea nje ilikuwa imefungwa, na kwenye ngazi na karibu na lifti walikuwa wameshabandika mifuko ya kutapikia, imepangwa vizuri kama leso za harusi. Mezani kifungua kinywa tulikuwa wachache. Nilitazama chai yangu inavyoegemea upande mmoja wa kikombe, inatulia, kisha inaegemea upande wa pili bila kumwagika, na mhudumu anapita na trei ya sahani amepanua miguu kidogo tu, hashiki popote. Chagua chumba cha katikati ya meli na cha chini. Huko ndiko inakocheza kidogo. Dawa ya kichefuchefu meza mapema, usingoje tumbo lianze, maana likishaanza kidonge nacho kinatoka. Tangawizi, mkate mkavu, na macho kwenye upeo wa bahari. Msimu wa baridi Atlantiki ya kaskazini haina huruma, kwa hiyo safari ya kwanza panga kati ya Mei na Septemba kama kazi inakuruhusu. Mimi kazi haikuniruhusu.

Kuhusu saa: nendeni kwa meli, mrudi kwa ndege, msigeuze. Ukielekea Marekani mishale hurudishwa nyuma saa moja katika usiku tano kati ya ile saba, kwa hiyo unalala saa ya ziada mara kwa mara, na ukifika New York mwili uko sawa na wenyeji. Kwa mtu wa zamu za usiku kama mimi, sijapata kulipwa fidia tamu kama ile. Ukitoka Marekani ni kinyume chake, saa unanyang'anywa.

Waislamu wenzangu wameniuliza sana juu ya sala. Southampton kibla iko kusini-mashariki, New York iko kaskazini-mashariki, na katikati ya bahari inapita kwenye mashariki yenyewe. Kwa kuwa meli inakwenda magharibi, unajikuta unasali umeelekea tezi, nyuma ya meli. Dira ya simu inababaishwa na chuma kile chote. Mimi nilikuwa natazama ramani kwenye televisheni ya chumbani, inaonyesha meli ilipo na inakoelekea, halafu nageuza mkeka. Msafiri anapunguza sala, kwa hiyo msitafute visingizio. Chakula cha halali kiagizeni wakati wa kukata tiketi, na usiku wa kwanza mkumbusheni msimamizi wa meza.

Nisiwafiche pia hili, maana picha haziwezi kulisema. Siku moja nimesimama kwenye ujia nje ya chumba changu, nimevaa jinsi na sweta, mama mmoja wa Kizungu mwenye lulu shingoni akaniwekea taulo lililolowa mikononi, akaniuliza chumba chake kitakuwa tayari saa ngapi. Nikamrudishia taulo lake. Nikamwambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba na mimi nasubiri changu kisafishwe. Akawa mwekundu, akaomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na usiku akanitumia keki mezani. Keki ile sikuigusa.

Kuna usiku maalumu wa kuvaa, na wanaume wanatakiwa suti nyeusi na tai ya kipepeo, au suti ya rangi iliyokoza, lakini vazi rasmi la kitaifa linakubalika. Usiku ule baada ya taulo nilivaa gauni la kitenge alilonishonea fundi wangu wa Ngamiani, Tanga, kilemba juu, udi sikujifukiza chumbani maana moto hauruhusiwi, nilijipaka tu mafuta yake. Nikateremka ngazi ya katikati polepole, mkono kwenye reli. Walinipisha. Dada zangu, msijifungie chumbani eti nitaonekanaje. Umelipa sawa na wao, pengine kwa jasho kuliko wao. Kaa meza ya watu wengi, sema jina lako, wakikosea kulitamka litamke tena. Unyonge haukupunguzii bili.

Na wahudumu wasalimieni kwa majina. Wengi ni Wafilipino na Wahindi, lakini wiki ile nilimpata kijana wa Mombasa jikoni. Alinisikia nikisema "ahsante" bila kufikiri, akasimama na trei yake. "Shikamoo mama. Umepanda kama abiria?" Nikamwambia marahaba, abiria kabisa. Akacheka, akasema lazima akamwambie mwenzake. Kandarasi yao ni ya miezi mingi mfululizo, siku ya mapumziko kamili hawana. Yeye ndiye aliyenielekeza nizunguke sitaha ya 7 alfajiri kabla watu hawajaamka. Mizunguko mitatu inakaribia kilomita mbili.

Atachizika nani, basi? Yule aliyezoea kupelekwapelekwa. Siku kama mbili za katikati sina cha kusimulia, nilisoma na kulala. Maktaba ina vitabu vingi kuliko shule yetu nzima, kuna mihadhara, kuna ukumbi wa kutazama nyota za kwenye dari, kuna dansi za kizamani. Kuna hata mbwa, wana vibanda vyao 24 sitaha ya juu, wanalipiwa nauli, na wamewekewa nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la Kimarekani ili kila mmoja ajisaidie kwa desturi za kwao. Hilo sikulipeleka kwenye grupu la ukoo.

Saa sita mchana nahodha anasema kwenye vipaza sauti: tulipo, upepo, kina cha maji. Tulipokaribia Newfoundland, Kanada, ukungu ulishuka, kwa sababu hapo maji baridi ya kutoka Labrador yanakutana na yale ya vuguvugu kutoka kusini. Honi ikawa inalia kila baada ya dakika mbili, hiyo ni sheria ya bahari, na sauti yake inapita kifuani. Huko huko chini, karibu mita 3,800, imelala Titanic, iliyoondoka Southampton hiyo hiyo tarehe 10 Aprili 1912. Watu walizungumza kwa sauti ndogo mchana ule. Zoezi la siku ya kwanza, honi saba fupi na moja ndefu, kila mtu na jaketi lake la kujiokolea, lifanyeni kwa makini. Sisi tuliozika watu wa Spice Islander, meli iliyozama ikienda Pemba mwaka 2011, hatuna ruhusa ya kulicheka.

Siku ya kufika amkeni usiku, saa kumi na nusu muwe nje na koti zito. Meli inapita chini ya daraja la Verrazzano-Narrows, na kati ya bomba la moshi na daraja zinabaki mita chache tu. Kila mtu anainamisha kichwa kana kwamba ndicho kitakachogonga. Baadaye Sanamu ya Uhuru inatokea upande wa kushoto. Masanduku makubwa yanatolewa mlangoni usiku uliotangulia, kwa hiyo bakizeni nguo za kuvaa na pasi. Nilimwona bwana mmoja akienda uhamiaji na suruali ya kulalia. Ofisa aliniuliza nitakaa muda gani na nitarudi kwa nini. Nilimwonyesha tiketi ya ndege na barua ya kazini, akagonga muhuri. Nje ya geti la Red Hook, gati ya hapo Brooklyn, msiwakimbilie madereva wanaoita watu. Basi la mji linapita jirani.

Binamu wa zege la msingi alinipigia wiki iliyopita, faragha, si kwenye grupu. Anataka kujua kama wanakubali kulipwa kwa mafungu. Nikamwambia wanachukua malipo ya awali, salio linamalizwa miezi kadhaa kabla ya safari, na kwamba aanze na viza.