Re: LED za baraza zinageuka manjano kisha Arduino inajizima

Waalaykum salaam sheikh. Kwa ulivyoeleza, umeunga stripu ya taa 60 za WS2812B (LED za rangi zinazoongozwa kwa programu) kwenye pini ya 5V ya Arduino Uno, ile bodi ndogo inayoziongoza, upambe baraza hapo Wete kabla ya Idd, ukitia nyeupe zile za mwisho zinakuwa manjano kama kandili kisha bodi inaanza upya. Basi programu yako haina tabu, umeme ndo mdogo. Taa moja ikiwaka nyeupe kamili inakula kama miliampea 60, zidisha mara 60 unapata ampea 3.6, na USB ya kompyuta inatoa nusu ampea tu, sasa hapo itafika wapi?

Tafuta adapta ya volti 5 ampea 4 au zaidi, moto wake (waya chanya) uende moja kwa moja kwenye stripu usipitie kwenye bodi, halafu negativu ya adapta na GND (negativu) ya Arduino ziunge pamoja, hapa ndo wengi wanapokwama, bila hivyo data, yaani amri zinazotoka kwenye bodi, haisomeki na taa zinacheza ovyo tu. Waya wa data utie resista ya omu 330, na utazame mshale uliochapwa kwenye stripu, data inaingia DIN (upande wa kuingilia) sio DOUT (wa kutokea).

Kama adapta huna leo, kwenye programu yako andika FastLED.setBrightness(25) (FastLED ni maktaba ya kuendeshea taa hizi), mwanga utapungua lakini kwa usiku barazani unatosha wallahi. Na maungio ya lehemu yapake silikoni, maana upepo wa chumvi huko kwenu shaba haiuwezi.