Maswali ya wasomaji: Likizo Mikindani bila gari, tutembee wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mke wangu tunakuja likizo Mikindani, huko Mtwara, mwezi wa saba, gari hatuna na mambo ya kukimbizana na ratiba hatutaki, sisi tunataka tu kila siku tutembee taratibu kwa mguu tupunge upepo. Ndugu zetu wanasema pale padogo, siku mbili mji umeisha, bora twende Zanzibar. Ni kweli? Na saa ngapi ndo nzuri kutembea?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Padogo ni kweli, ila kuisha hapaishi, na sababu yenyewe ni maji. Nyie msitembee kwa kufuata saa ya ukutani, fuateni maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inakupwa mbali sana kwenye saa nne saa tano asubuhi halafu inajaa jioni kama saa kumi hivi, na kila siku inachelewa karibu dakika 50, kwahiyo baada ya wiki mambo yanageuka, asubuhi ndo pamejaa na jioni pamekauka. Njia ileile ya ufukweni mliyopita jumatatu mkiona mashua zinaelea, wiki ijayo saa hizohizo mnakuta zimelala ubavu kwenye tope, kina mama wameinama wanaokota chaza na watoto wanacheza mpira palepale palipokuwa na bahari. Muulizeni mvuvi yeyote maji yanakupwa saa ngapi, atawaambia bila kuangalia simu.

Kwenye tope na mawe vaeni yeboyebo, kuna wadudu wa miiba myeusi wanachoma vibaya. Na msiende mbali peke yenu, maana maji yakianza kurudi yanaweza kuwazunguka kwa nyuma huku nyie mnapiga picha mikoko.

Maji yakijaa ingieni mjini. Boma la Mjerumani la mwaka 1895 lipo, siku hizi ni hoteli, pandeni na kilima cha nyuma yake asubuhi kabla jua halijakali. Nyumba za mawe za zamani nyingine zimebaki kuta tu na mbuyu umeota pembeni, inaniuma sana kuona zinavyodondoka, kwahiyo ziangalieni vizuri, milango ya nakshi, roshani, na jengo linaloitwa soko la watumwa. Livingstone alipita hapa 1866 akianza ile safari yake ya mwisho ya bara. Msiyamalize yote siku moja jamani! Leo mtaa mmoja, kesho mwingine.

Na salimieni watu. Siku ya kwanza mtaitikiwa tu, mkirudia njia hiyohiyo wataanza kuwauliza mmeamkaje, mara karibuni chai, mara mama muuza samaki anawawekea ngisi. Ming'oko, ile mizizi ya porini, mkiiona imechemshwa nunueni mle, Dodoma hamtaipata. Shemeji, yaani mkeo, atembee na khanga begani maana mji wa watu wa dini huu, na mtu msimpige picha kabla hamjamuomba.

Kuhusu muda, jua la huku linawahi kuchomoza na linawahi kuzama, kwenye saa kumi na mbili jioni mwezi huo wa saba jua linazama na giza linaanza kuingia, tokeni mapema. Julai ni kusi, yaani msimu wa upepo wa kutoka kusini, mvua hamna, upepo mzuri ila jioni shemeji abebe sweta jepesi.

Mkitaka kubadilisha, pandeni daladala hadi Mtwara mjini, ni kama kilomita 10, mtembee Shangani kwenye barabara pana, au mvuke na kivuko kwenda Msangamkuu. Msimbati nako kuzuri mno, mchanga mweupe, ila huko kwa mguu hamfiki, tafuteni usafiri wa uhakika wa kwenda na kurudi kabla hamjaondoka.