Waulize Wataalamu: Dagaa wa Kigoma na wa Mwanza ni samaki mmoja?

SWALI: Nina mgahawa mdogo hapa Morogoro. Mteja mmoja anashikilia kwamba dagaa wa Kigoma ndio hao hao wa Mwanza, ila wamekaushwa vizuri zaidi. Muuzaji wangu naye kila mbalamwezi anapandisha bei. Mwezi unahusianaje na dagaa?
Mama lishe, Morogoro

JIBU: Dada yangu, mimi nimekulia Ujiji, kwa hiyo hilo la mteja wako siwezi kuliacha lipite. Hao ni samaki wawili tofauti kabisa. Dagaa wa Mwanza, ambaye Wakenya humwita omena, yuko upande wa akina ningu, samaki wa maji baridi. Wa Kigoma ni wa ukoo wa sadini. Wahenga wake walitoka baharini wakaingia mitoni mamilioni ya miaka iliyopita, na wengine wakaishia Ziwa Tanganyika.

Tena wa Kigoma wako wa aina mbili. Mwembamba, Stolothrissa tanganicae, hufikia kama sentimita 10. Mkubwa wake, Limnothrissa miodon, huweza kufika 17. Huyu wa pili alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndiye sambaza wanaomla Goma na Gisenyi.

Muuzaji wako hakudanganyi kuhusu mwezi. Mchana dagaa hushuka chini kwenye maji yenye giza, akiwakimbia migebuka, samaki wakubwa wanaomla. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu vya majini anavyokula. Mvuvi huwasha taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Vijidudu na dagaa hukusanyika kwenye mwanga, kisha wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga na taa haina mvuto. Mitumbwi mingi hupumzika, na sokoni mzigo hupungua.

Ninalotaka hasa ulijue ni hili: Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, lakini hewa ya oksijeni iko tabaka la juu tu, haizidi mita 200 hivi. Stolothrissa hutaga katikati ya maji, mayai yakaanza kuzama, na lazima yaanguliwe kabla hayajafika kusikokuwa na hewa. Samaki mwenyewe huishi kama mwaka mmoja tu. Akivuliwa kabla hajataga, hakuna wakubwa wa miaka iliyopita wa kuziba pengo. Ndiyo maana niliunga mkono kwa moyo wote ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ingawa najua nyumba nyingi za Kigoma zilibanwa.

Wewe nunua mzigo wako wakati wa giza, mwezi usipoonekana. Chagua waliokaushwa juu ya chanja. Walioanikwa chini hubeba mchanga, na wateja wako watausikia menoni.