Maswali na Majibu: Kiyoyozi kinachopuliza hewa ya moto katika gari la michezo la zamani

SWALI: Nina gari la michezo la viti viwili lililotengenezwa mwaka 1987, lenye kiyoyozi kinachojirekebisha chenyewe kulingana na joto ninalochagua. Kwa muda sasa hewa inayotoka ni ya uvuguvugu, na mara nyingine ni ya moto kabisa, hata nikichagua kiwango cha chini kuliko vyote. Nikipanda mlima, hewa huacha matundu ya dashibodi na kuhamia kwenye kioo cha mbele, kisha hurudi nikipunguza mafuta. Fundi ameongeza gesi mara mbili bila mafanikio. Je, kompresa imekufa?

JIBU: Kwa dalili ulizoeleza, sidhani kwamba kosa ni la kompresa, na ninakusihi usikubali gesi iongezwe kwa mara ya tatu kabla upande wa pili wa mfumo haujakaguliwa. Jambo lenye thamani kubwa katika barua yako ni hilo la hewa kuhama wakati wa kupanda mlima, kwa kuwa upungufu wa gesi hauwezi kubadili mwelekeo wa hewa.

Katika magari mengi ya michezo ya enzi hiyo, vilango vinavyoelekeza hewa nyuma ya dashibodi, pamoja na vali inayoruhusu maji ya moto kuingia kwenye hita, husukumwa kwa nguvu ya ombwe, yaani mnyonyo wa hewa, linalovutwa kutoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ya injini. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, ombwe hilo huwa na nguvu, kwa kawaida kati ya inchi 17 na 21 za zebaki (kipimo cha ombwe kwenye geji) kwa injini yenye afya iliyo karibu na usawa wa bahari. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, linakaribia kutoweka. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka tangi dogo la akiba na vali ya njia moja, ili ombwe lililokwisha kukusanywa lisirudi kwenye injini wakati gari linapanda. Akiba hiyo ikivuja, springi huvirudisha vilango mahali pake pa asili, ambapo kwa makusudi ni upande wa kioo cha mbele, dereva asikose kuona njia. Vali ya hita nayo, katika magari mengi ya aina hii, hubaki wazi inapokosa ombwe. Matokeo yake ni kwamba evapoleta, sehemu ya kiyoyozi inayopoza hewa, inaweza kuwa inapoza hewa sawasawa, lakini hewa hiyo hupashwa tena na hita kabla ya kukufikia. Dalili zako zote mbili, basi, zinaweza kuwa na chanzo kimoja.

Anza na vali ya njia moja, ambayo ni ya bei ndogo na huchakaa kwa joto la injini: ichomoe, uipulize kwa mdomo kila upande, na ikipitisha hewa pande zote mbili, ibadilishe. Kisha tafuta pampu ya mkono ya ombwe yenye geji. Chomoa mpira unaopeleka ombwe ndani ya gari, uunganishe na pampu, uvute hadi karibu inchi 18, halafu utazame sindano. Ikitulia, mipira na tangi vilivyo baada ya hapo ni vizima kwa hali hiyo ya swichi ya kuelekeza hewa. Rudia kipimo kwa kila mwelekeo wa hewa, kwa kuwa mara nyingi uvujaji hujitokeza katika hali moja tu. Sindano ikishuka, ziba tawi moja baada ya jingine mpaka ushukaji ukome. Mipira ya miaka hiyo hukakamaa na kupasuka hasa kwenye viungio, na viwambo vya mpira vinavyosukuma vilango hutoboka. Uvujaji huo pia huingiza injini hewa isiyopimwa na unaweza kuyumbisha mngurumo wake, kwa hiyo si suala la starehe peke yake.

Vali ya hita ijaribiwe peke yake. Ipe ombwe moja kwa moja kutoka kwenye pampu injini ikiwa na joto, kisha gusa kwa uangalifu mpira wa maji uliopo baada ya vali, ukiwa mbali na feni na mikanda. Ukibaki wa moto ilhali mkono wa vali umesogea, vali haifungi vizuri ndani. Usiubane mpira mkongwe kwa koleo ili kupima, maana unaweza kupasuka na kukumwagia maji ya moto.

Ombwe likiwa zima na hewa ikabaki ya moto, geukia sensa ya joto la ndani ya gari. Ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Waya wake ukikatika, kidhibiti husoma baridi kali na kuagiza joto. Ichomoe, ipime kwa mita ya umeme huku ukiipasha kwa kiganja, na uone kama omu zinashuka taratibu bila kurukaruka. Hakikisha pia kwamba feni ndogo au kipaipu kinachoivutia hewa kinafanya kazi, kwa maana vinginevyo sensa hupima joto la dashibodi badala ya joto la chumba. Vipande vya sponji vikitoka kwenye matundu, ujue kizibio cha vilango kimeoza na hakuna marekebisho ya umeme yatakayokisaidia.

Kuhusu gesi, gari la mwaka 1987 lilitoka kiwandani na R12, gesi ya kupozea ya enzi hiyo. Kama viungio vya kujazia bado ni vya skrubu na fundi ameongeza R134a, gesi iliyochukua nafasi yake baadaye, gesi mbili zimechanganyika, na mafuta ya asili ya kompresa hayachanganyiki na R134a. Shinikizo linaposomwa injini ikiwa imezimwa huthibitisha tu kwamba kuna gesi, halionyeshi kiasi chake, na mfumo uliojazwa kupita kiasi hupoza vibaya kama uliopungukiwa. Baada ya kumaliza ukaguzi wa ombwe, mwombe mtaalamu mwenye mashine ya kunyonyea aitoe gesi yote, abadilishe kichujio cha unyevu, kisha ajaze upya kwa uzani ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.