Dau limetajwa, je, limelipwa?

Kwenye minada ya hisani mimi ndiye ninayeshika daftari. Dalali anapaza sauti jukwaani, mimi nimekaa pembeni naandika nani kataja kiasi gani, kisha baadaye ndiye ninayempigia simu aliyetaja kumkumbusha alipe. Kazi hiyo imenizoesha kusoma habari kwa jicho la shaka. Nikiona fulani "ametoa" mamilioni, najiuliza: ametoa au ametaja? Ukumbi hulipuka kwa makofi dau linapotajwa, lakini siku fedha zinapoingia benki hakuna anayepiga kofi hata moja.

Chukua minada miwili. Juni 2022 mwandishi wa habari wa Urusi, Dmitry Muratov, aliipiga mnada medali yake ya Nobeli ya Amani jijini New York kwa ajili ya watoto waliokimbia vita Ukraine. Ilinunuliwa kwa dola milioni 103.5, na fedha zikaenda UNICEF. Sasa rudi Paris mwaka 2009. Christie's, nyumba ya mnada, ilinadi vichwa viwili vya shaba, cha panya na cha sungura, vilivyokuwa vimeporwa China katika karne ya 19. Bei ilifika zaidi ya euro milioni 31 kwa vyote viwili, ada ya mnada ikiwemo. Aliyeshinda, Cai Mingchao, akajitokeza na kusema halipi, na kwamba alifanya hivyo kwa uzalendo. Usiku wa mnada wenyewe usingeweza kuzitofautisha habari hizi mbili. Kwa hiyo usisambaze ya usiku ule. Subiri ya malipo, hata kama huwa fupi na hufichwa ukurasa wa ndani.

Hata akilipa, bei ni ipi? Mchoro uitwao Salvator Mundi uligongewa nyundo, yaani dau la mwisho likakubaliwa, kwa dola milioni 400 mwaka 2017, lakini mnunuzi alidaiwa milioni 450.3 kwa sababu ya ada ya nyumba ya mnada. Gazeti moja huandika ile, jingine hii, na wasomaji hubishana bure. Kwenye hisani mimi huuliza pia kama gharama za ukumbi zinakatwa kwanza. (Waandaaji hawalipendi swali hili. Liulize tu.)

Habari za kampuni kutaka kununua kampuni nyingine ndizo zinazowaponza wengi, maana watu hukimbilia hisa kabla ya kusoma aya ya tatu. Februari 2017 ilijulikana kwamba Kraft Heinz inaitaka Unilever kwa takriban dola bilioni 143. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili ofa ikaondolewa. Elon Musk naye, Aprili 2022, alikubali kuinunua Twitter kwa dola 54.20 kwa hisa. Julai akataka kujitoa, Twitter ikaenda mahakamani katika jimbo la Delaware, Marekani, na Oktoba akalipa bei ileile. Alikuwa ameshatia saini. Kraft Heinz hawakuwa wamefika huko. Basi tafuta kitenzi kabla ya kutafuta tarakimu: "anatafakari", "wako kwenye mazungumzo", "wamesaini". Havina uzito sawa, na cha kwanza hakina uzito wowote.

Kwenye siasa mambo hugeuka, kwa sababu fedha si dau tena. Dau ni kura. Bilionea wa Marekani, Michael Bloomberg, alitumia zaidi ya dola bilioni 1 za mfukoni mwake kuwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic mwaka 2020, na Jumanne Kuu ya mwezi Machi, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura za mchujo, ilipopita, eneo pekee aliloshinda lilikuwa visiwa vidogo vya American Samoa. Kwa hiyo taarifa kwamba mtia nia fulani amekusanya fedha nyingi naisoma haraka na kupita.

Ninachotafuta ni kanuni ya ushindi. Februari 2025, uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika ulihitaji theluthi mbili ya kura. Raila Odinga aliongoza raundi mbili za mwanzo, na simu zikajaa pongezi. Raundi ya saba ilipokwisha, mshindi alikuwa Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti kwa kura 33. Kwenye kinyang'anyiro cha raundi nyingi, anayeongoza raundi ya kwanza simwangalii sana. Namwangalia wa tatu, maana akijitoa, kura zake zitatafuta pa kwenda.